Mama Orpha wa Tallow Creek, Aliyegombea Urais kwa Ajili ya Pumzi

Theluji ya mwisho ya mwaka 1881 ilikuwa haijayeyuka juu ya paa la Lemuel Kittredge, mchonga mawe ya makaburi katika milima ya Ozark, jimboni Arkansas, alipozaliwa binti yake wa tatu. Baba alitaka mtoto aitwe Ruthu. Lakini mhubiri msafiri aliyembatiza, mzee aliyekuwa amepoteza miwani yake alipokuwa akivuka mto, aliusoma vibaya mstari wa Biblia aliowekewa kidole, akamwita Orpha, jina la yule mkwe mwingine wa Naomi, aliyegeuka njiani akarudi kwao. Mama yake, Thankful, alilia. Baba akasema kwamba jina likishatamkwa juu ya maji ni kama limekwisha kuchongwa, na mtoto akabaki nalo. Siku alipofika umri wa kukielewa kisa hicho, alinyoosha mkono katika shule ya Jumapili akauliza, "Huyo Orpha aliporudi nyumbani, nani alimfungulia mlango?" Mwalimu alifungua Biblia, akaifunga, akaanzisha wimbo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo. Ndugu zake walimpa jina la utani, Mbona, na kila alipoingia shambani walipiga kelele, "Mbona anakuja, jifanyeni mna kazi!" Aliwauliza wachuuzi wanalala wapi mvua ikinyesha. Alimwuliza baba yake kwa nini mawe ya makaburi ya watoto huchongwa wanakondoo na ya wakubwa hayachongwi. Wazee wa kanisa walimwonya Lemuel kwamba udadisi wa namna hiyo ndio uliomponza Hawa bustanini. Lemuel alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwajibu kwamba Hawa hakuuliza swali lolote. Aliambiwa tu, akaamini.

Mwaka 1900 Orpha aliolewa na Virgil Strode, kijana mpole mwenye kucheka kwa mabega, wakahamia Tallow Creek, kusini magharibi mwa Missouri, kwenye machimbo ya madini ya risasi na zinki. Vile vilima vyeupe vya kokoto za machimbo vilivyozunguka mji wetu vilikuwa tayari vimeanza kuinuka, na nguo zilizoanikwa asubuhi zilikuwa na rangi ya majivu ifikapo mchana. Virgil alishika keekee, mashine ya kutoboa mwamba ukiwa mkavu, bila maji, vumbi likimrudia usoni. Baada ya miaka michache alianza kupumzika katikati ya ngazi za nyumba yake mwenyewe, na mwaka 1909 alifariki akiwa ameketi kitini, kwa maana kulala kulikuwa kumemshinda. Daktari wa machimbo aliandika kwamba amekufa kwa nimonia. Mjane alimfuata mpaka kwenye gari lake la farasi.

"Daktari, ni nimonia gani inayokaa na mtu miaka minne?"

"Dada, nenda ukaomboleze."

"Nitaomboleza. Nimeuliza tu."

Siku chache baada ya maziko, Orpha alilifua shati la mwisho la kazi la marehemu. Maji yaligeuka meupe kama maziwa. Akayamwaga, akatia mengine, nayo yakawa meupe. Hapo, akiwa ameinama juu ya beseni, aliyapokea maneno ambayo baadaye aliyasimulia kwa nadra na kwa haya, akisema hayakuja kwa sikio: Uliza kwa ajili yao. Hakuambiwa amwulize nani. Jambo hilo lilimsumbua maisha yake yote, na tunaamini kwamba lilimsaidia pia, kwa sababu lilimfanya amwulize kila mtu.

Mwaka 1911 alianzisha Kanisa la Pumzi ya Uzima ndani ya turubai kuukuu alilouziwa na sarakasi iliyofilisika, lenye picha ya tembo aliyefutika nusu. Waumini wa kwanza walikuwa wajane, kisha wakaja wagonjwa, kisha wenye afya wakaja kuwatafuta wake zao. Walioshana miguu, walikula mkate wa mahindi na maharage pamoja, na baada ya kila mahubiri mtu yeyote aliruhusiwa kusimama na kumwuliza mhubiri lolote, naye mhubiri hakuruhusiwa kuketi kabla ya kujibu. Wachungaji wa makanisa ya matofali walisema kwamba mwanamke haruhusiwi kuhubiri, wala kondoo kumhoji mchungaji. Jumapili moja vijana walilirushia turubai mayai. Mama Orpha, kama alivyoanza kuitwa, alitoka nje, akayaokota mawili yaliyoangukia nyasini bila kupasuka, akauliza, "Haya ya nani? Kuna mgonjwa pale mtaa wa pili hajala kitu tangu jana." Kisha akampelekea. Katika majira ya homa kuu ya mwaka 1918 aliingia katika nyumba ambazo hata ndugu wa damu walizikwepa, asiugue. Wapo wanaosimulia kwamba kibuyu chake cha supu hakikuisha siku ile alipozunguka mtaa mzima wa reli. Kanisa halijathibitisha jambo hilo. Yeye mwenyewe alipoulizwa alisema huenda watu walikuwa wamepoteza hamu ya kula.

Tufike sasa mwaka 1932, ambao ndio unaowafanya wengi nje ya mji wetu wamkumbuke, wengine kwa kicheko. Machimbo mengi yalikuwa yamefungwa, na yaliyobaki yalifanya kazi kwa pupa, vumbi likiwa zito kuliko zamani. Akina mama wa kanisa walikuwa wameuza pai za tufaha mwaka mzima ili kununua nafasi ya robo saa ya ibada katika kituo cha redio cha mji wa jirani. Jumapili ya pili ya Aprili, katikati ya mahubiri juu ya mavumbi ya kitabu cha Mwanzo, Mama Orpha alisema hewani, "Mungu alimpulizia mwanadamu pumzi. Nani anayeiondoa hapa Tallow Creek, na kwa nini wanaume wetu hawafiki miaka arobaini?" Redio za mji mzima zikanyamaza, kisha ukapigwa muziki wa fidla.

Alikwenda kwa mguu mpaka ofisini kwa mwenye kituo, Bwana Mercer Hoyle, mtu mnene mwenye adabu, aliyekuwa akijifuta jasho hata wakati wa baridi.

"Bwana Hoyle, umenikata?"

"Nimekukata, Mama. Unajua matangazo yangu yanalipwa na nani. Nina watoto wa kulisha."

"Kuna mtu ambaye huwezi kumkata?"

Bwana Hoyle alicheka, akidhani swali limekwisha nguvu. "Wagombea urais, basi. Hao sheria ya serikali kuu imenifunga mikono. Nikimpa mmoja nafasi, lazima niwape na wenzake, na siruhusiwi kugusa neno lao hata moja. Hata wakinitukana."

Mama Orpha aliegemea meza ya Bwana Hoyle. "Mtu anakuwaje mgombea?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi nauliza tu."

Wapo waandishi wa magazeti walioandika kwamba aliota ndoto ya taji, au kwamba alidai ameona jina lake katika Ufunuo. Si kweli. Alitafuta kazi ndogo kwanza, ya mkuu wa polisi au ya diwani, na akaambiwa kwamba kituo hakimpi nafasi mgombea yeyote wa vyeo hivyo. Kilichobaki kilikuwa urais. Usiku ule aliwaambia wazee wa kanisa, nao wakacheka hadi mmoja akaanguka kutoka benchini. Alicheka pamoja nao. Kisha akasema, "Sasa tuombe," na walipomaliza kuomba hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Waliunda Chama cha Pumzi. Mgombea mwenza alikuwa mkulima wa matikiti kutoka Kansas, mtu wa amani, aliyekubali kwa sharti kwamba asihutubie wakati wa mavuno. Kiangazi chote waumini walitembea mashambani, mitaani na kwenye vituo vya treni wakiomba saini za wapiga kura, mpaka jina la Orpha Strode likakubaliwa kuingizwa katika karatasi za kura za jimbo la Missouri. Majimbo mengine hawakuyaweza. Gari la kampeni lilitolewa na shemasi Thaddeus Bloom, mwenye duka la majeneza. Lilikuwa gari lake la maiti, jeusi, lenye mapazia, kwa sababu hakuwa na jingine, na lilipoingia katika miji watu walivua kofia na kusimama pembeni. Ndipo mlango ulipofunguliwa akashuka mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani, akasema, "Vaeni kofia zenu, bado nipo."

Katika uwanja wa mahakama wa mji mmoja, mwanamume aliyekuwa amekaa juu ya pipa alimpigia kelele, "Mama, Ikulu ina jiko kubwa sana, utaliweza?"

"Sijaliona bado. Wewe umeshaingia?"

"Mimi? Hapana!"

"Mbona basi unalijua? Au wanakupikia huko?"

Watu wakaangua kicheko, na yule mtu akacheka kuliko wote, akashuka kwenye pipa, akampa alipande. Mama Orpha alisimama juu ya pipa hilo akazungumza kwa saa nzima. Lakini jioni ile, akiwa njiani, alimwomba shemasi Bloom asimamishe gari, akashuka, akapiga magoti kando ya barabara. Shemasi alidhani anaumwa. Alipomwuliza, alijibu, "Thaddeus, walipopiga makofi nilifurahi. Niliwasahau wagonjwa kabisa. Nilikuwa nawaza nitasema nini kingine wapige tena." Tangu siku ile kila mkutano aliumaliza kwa kuwaosha miguu wale waliomzomea zaidi, wale waliokubali. Wengi walikimbia. Waliobaki, asema shemasi, walimwachia miguu yao kama watoto wachanga.

Jaribu la kwanza lilikuja kwa sura njema. Mwezi Septemba mjumbe wa chama kimoja kikubwa alifika Tallow Creek akiwa na koti jeupe, akaketi ndani ya turubai, chini ya yule tembo. Alimwambia Mama Orpha kwamba akijitoa na kuwaomba watu wake wampigie kura mgombea wao, kanisa litajengewa jengo la matofali na zahanati pembeni. Usidhani kwamba hakushawishika. Mvua ilikuwa ikivuja mpaka kwenye Biblia, na alikuwa na wagonjwa wanaokufa katika nyumba zisizo na dirisha. Alizunguka hema, akagusa nguzo moja moja. Kisha akarudi.

"Katika hiyo zahanati, daktari ataruhusiwa kuandika jina la ugonjwa?"

Mjumbe aliangalia kofia yake. "Hayo yatazungumzwa baadaye, Mama."

"Basi na mimi nitajitoa baadaye. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Jaribu la pili lilikuwa chungu kuliko hilo, kwa sababu lilitoka nyumbani. Palikuwa na mchimbaji mmoja, Delmar Sisk, mtu mwenye kiburi kizuri cha kazi, ambaye kwa muda mrefu aliuficha ugonjwa wake. Alikohoa chooni, alikohoa nyuma ya vilima, hakuna aliyewahi kumsikia. Machimbo yalipojua kwamba mkewe, Ivalee, alikuwa amekusanya saini za Chama cha Pumzi, yalimfukuza Delmar, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya machimbo. Ivalee alikuja kanisani wakati wa maswali, akasimama mbele ya wote.

"Mama, hujawahi kutukataza kuuliza. Haya, nakuuliza. Watoto wangu watalala wapi? Wewe utashindwa uchaguzi, kila mtu anajua, hata mkulima wako wa matikiti anajua. Utarudi hapa uhubiri. Delmar atarudi wapi?"

Sheria ya kanisa ilimtaka asimame mpaka ajibu. Alisimama. Watu wakaanza kujongea kwenye mabenchi, mtoto mmoja akalia, akatolewa nje. Mwisho alisema, "Dada Ivalee, sijui. Niliuliza maswali yote, hilo sikujiuliza. Ukiniambia niache, naacha leo."

Ivalee aliketi. Familia ile ilihamia katika chumba cha Mama Orpha, na yeye akahamia hemani. Kwa wiki nzima gari la maiti halikutoka. Watu walidhani kampeni imekwisha, na yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Aliyeliondoa gari lile ni Delmar. Alikuja hemani akisimama kila baada ya nguzo mbili za ua, akaketi mbele ya Mama Orpha, akasubiri mpaka apate hewa ya kusema. "Nasikia una robo saa yako kwa Hoyle. Alhamisi."

"Ilikuwa. Siendi, Delmar."

"Utasema nini ukienda?"

"Niliandaa maswali."

"Maswali wameshayasikia." Akapumzika. "Mimi sauti sina. Lakini hii ninayo." Akaweka kiganja kifuani. "Nimeificha miaka sita. Hata Ivalee nilimficha. Nipeleke."

Alhamisi, tarehe 20 Oktoba 1932, saa kumi na mbili na nusu jioni, Bwana Hoyle alimtangaza mgombea wa Chama cha Pumzi kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Mama Orpha alisema jina lake na mji wake. Kisha akasema, "Wenzangu wamewaeleza chama chao ni nini. Na mimi nawaletea changu. Msizime." Akainuka kitini, akamketisha Delmar, akakisogeza kipaza sauti mpaka mdomoni pake.

Delmar Sisk alipumua. Ndivyo tu. Wale waliosikia, nami nilikuwa miongoni mwao, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama yangu, hawawezi kuusimulia mlio ule bila kushika koo. Ulikuwa kama mlango wa mbao unaoburutwa juu ya changarawe, ukifunguka, ukijifunga. Bwana Hoyle alinyoosha mkono kwenye swichi. Mama Orpha hakumgusa. Alimwambia kwa upole, na maneno hayo nayo yalikwenda hewani, "Hii ndiyo hotuba yangu, Bwana Hoyle. Mimi ni mgombea." Mkono ulibaki pale pale, kisha ukarudi mfukoni kutafuta leso. Delmar alipumua robo saa nzima. Mara mbili alikohoa, na mara moja alitaka kucheka. Nyumba kwa nyumba, katika mtaa wetu, wanaume ambao nao walikuwa wakijificha walitoka vyooni na nyuma ya vilima wakaja kuketi karibu na redio, na wake zao wakasikia mlio ule ule ukitoka pande mbili.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Novemba. Mama Orpha hakushinda jimbo, wala wilaya, wala hata Tallow Creek yenyewe, ambako watu walikuwa na njaa na walimchagua aliyewaahidi kazi. Magazeti hayakuutaja mlio ule. Lakini kabla ya Krismasi wake wa wachimbaji, wengi wao si wa kanisa letu, walisimama mbele ya ofisi za machimbo wakiwa hawasemi neno, wakipumua tu kwa nguvu, mpaka meneja akafunga mapazia. Majira ya kuchipua yaliyofuata keekee za kwanza zilifungwa mabomba ya maji, mwamba ukatobolewa ukiwa umelowa. Kazi ya kuwalinda waliobaki ilichukua miaka mingi na mikono mingine mingi, na kanisa halidai sifa yake yote. Delmar alifariki Februari 1933, kitandani, mlango ukiwa wazi, akikohoa bila kumwonea haya mtu.

Mama Orpha hakugombea tena. Alipoulizwa kwa nini, alisema alichokuwa akitaka kuuliza ameshauliza. Alihubiri chini ya tembo yule mpaka turubai likaoza, kisha katika ghala la Bwana Hoyle, ambaye alilitoa bila kueleza sababu. Alilala mauti tarehe 3 Juni 1947. Waliokuwa kitandani pake wanakubaliana kwamba maneno yake ya mwisho yalianza na "Hivi kule..." na kwamba hakuyamaliza, na kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribia kujibiwa. Wagonjwa wa kifua huja kaburini kwake mpaka leo. Wengine wamesema wamelala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Tunayaandika kama tulivyoyasikia.

Katika sikukuu yake mwaka jana, wakati wa maswali, alisimama mgeni, dereva wa lori kutoka Nebraska, akauliza, "Huyu mama alijipigia kura mwenyewe?" Mhubiri wetu alisimama muda mrefu. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumemheshimu miaka yote hiyo bila kulifikiria jambo hilo. Ndipo Ivalee Sisk, ambaye sasa ni bibi kizee anayeletwa kanisani kwa kiti cha magurudumu, akainua fimbo yake.

"Nilikuwa nyuma yake mstarini," akasema. "Alipotoka nilimwuliza, 'Basi angalau kura moja umepata, Mama?' Akasema, 'Hapana. Pale chini palikuwa na nafasi ya kuandika jina. Nimemwandika Delmar.' Nikamwambia amepoteza kura. Akaniuliza, 'Kwani wewe unamjua mwingine aliyetoa vyote alivyokuwa navyo?'"

Dereva wa lori alivua kofia yake, akaketi. Mhubiri naye aliruhusiwa kuketi. Kwa hiyo, mwaminifu unayeyasoma haya, ukiwekwa siku moja mahali ambapo unaruhusiwa kuandika jina lako mwenyewe, fikiri kwanza ni nani aliyekufikisha hapo kwa pumzi yake, na uliandike la kwake, hata kama hakuna atakayelihesabu.